Furu wa Ziwa Victoria na Tarehe ya Ziwa Lililokauka

Tarehe 1 Julai 1858 ilisomwa mjini London, mbele ya jumuiya ya wanazuoni wa viumbe iitwayo Linnean Society, makala ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, ambayo ndani yake mabwana hao wawili walitoa hoja kwamba jinsi za wanyama na mimea tuzionazo leo hazikuwako tangu azali kwa sura hizi, bali zimechipuka katika jinsi nyingine zilizotangulia, kwa tofauti ndogo ndogo zirithiwazo kizazi baada ya kizazi, ambazo mazingira huzichuja, yakibakisha zifaazo na kuzipoteza zisizofaa. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, mapema Agosti ya mwaka uo huo, msafara uliotoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ulifika karibu na Mwanza, na Mwingereza John Hanning Speke, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake na nguzo ya safari, akalitazama kwa mara ya kwanza ziwa ambalo Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu wa Kazeh, alikuwa amekwisha kuwapa wageni hao habari zake kwa jina la Ukerewe. Mambo hayo mawili yalipita bila kujuana. Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya hoja ile ya London kulifikia ziwa lile sawasawa, na ilipolifikia ilikuta humo ithibati ambayo, kwa wingi wake na kwa uchache wa miaka yake, sijui mahali pengine duniani panapoishinda.

Ithibati yenyewe ni furu. Wakazi wa mwambao wa ziwa hawahitaji kuelezwa furu ni nani, ila kwa faida ya msomaji wa Unguja au Mombasa, aliyezoea changu na nguru, yafaa niseme kwamba ni samaki mdogo, aghalabu hazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, mwenye miiba mingi na nyama haba, dume lake likiwa na rangi za kupendeza na jike lake kijivu tu. Wavuvi wa zamani hawakumpa heshima waliyompa ngege au ningu au kamongo. Alivuliwa na watoto kwa ndoana, akaingia katika migono na makokoro pamoja na wakubwa wake, akaanikwa juani, akaliwa na wasio na kingine. Wote waliitwa furu, isipokuwa wale wakaao kwenye majabali, ambao wavuvi wa upande wa Mwanza waliwaita mbipi. Mwaka 1905, nyavu za makila za uzi wa kitani zilipoingizwa ziwani na kuwavua ngege kwa pupa hata wakaanza kuadimika, serikali za kikoloni zilimwita mtaalamu Michael Graham aje kuchunguza, naye akalizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928 na kushauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Walakini ushauri huo ulikuwa kwa ajili ya ngege, si kwa ajili ya furu, ingawa furu ndiye aliyelijaza ziwa. Hesabu iliyofanywa baadaye, kati ya 1969 na 1971, kwa kukokota nyavu chini ya maji, ilionyesha kwamba katika kila kilo 10 za samaki wakaao karibu na sakafu ya ziwa, kilo 8 zilikuwa za furu.

Wa kwanza kuwaandika furu katika vitabu vya elimu alikuwa Mjerumani, na kisa chake hakisimuliwi vya kutosha. Gustav Fischer, tabibu aliyekaa Unguja miaka kadhaa na kusafiri katika nchi ya Wamasai, alifika Ziwa Victoria katika safari yake ya mwisho, akakusanya samaki, akarejea kwao na kufariki mwaka 1886. Samaki wake waliwekwa katika jumba la makumbusho la Berlin, wakapita mikononi mwa Franz Hilgendorf, naye mwaka 1888 akawaandika, na ndiye aliyebuni jina la Haplochromis ambalo mpaka leo hubebwa na kundi kubwa la furu. Sasa, huyu Hilgendorf alikuwa nani? Alikuwa ndiye yule kijana ambaye zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo alichimba mashapo ya ziwa la kale huko Steinheim, kusini ya Ujerumani, akakuta makombe ya konokono yaliyopangika tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likiwa na konokono waliobadilika kidogo kuliko wa tabaka la chini yake, hata mwaka 1866 akachapisha mchoro wa nasaba yao, ambao ni miongoni mwa michoro ya kwanza kabisa duniani ya nasaba ya viumbe iliyotolewa katika visukuku vyenyewe wala si katika fikra tupu. Mtu huyo, aliyekwisha kuona kwa macho yake namna ziwa moja linavyoweza kuzaa sura nyingi za konokono, ndiye aliyewapokea furu wa kwanza mikononi. Lakini walikuwa wachache, wamehifadhiwa ndani ya chupa, na ziwa lao hakupata kuliona. Hakuwa na njia ya kujua kwamba ameshika ncha ya uzi ambao ungewafikisha wenziwe mbali kuliko konokono wa Steinheim.

Baada yake walikuja Waingereza, Boulenger mwanzoni mwa karne ya 20 na Regan mwaka 1922, wakaongeza majina. Walakini aliyewajua furu kwa ndani ni Humphry Greenwood, aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa uvuvi kilichoanzishwa Jinja mwaka 1947. Greenwood hakutosheka na kuhesabu magamba na miiba ya mapezi. Aliwapasua matumbo ajue wamekula nini, akayatazama mataya yao, na hapo ndipo ajabu ya samaki hawa ilipodhihiri. Wako walao mwani, wakiukwangua mawe kwa safu za meno membamba. Wako wameza matope. Wako walao vidudu vielea majini. Wako walao wadudu, na wako walao kamba. Wako wakubwa wenye vinywa virefu walao furu wenzao. Wako wanaowachomoa konokono katika makombe yao kwa meno ya mbele, na wako wanaowameza na kuwavunja kooni. Wako hata wanaobandua magamba ya samaki wengine wakayala. Na kwa kuwa jike la furu huyaokota mayai yake mara tu ayatagapo na kuyaatamia kinywani, na vitoto humo humo mpaka viweze kuogelea, wako furu walioishika riziki ya kumvamia mama na kumlazimisha atapike wanawe, kisha wakawala. Jumla ya spishi zao, kwa makisio ya wataalamu wa leo, yapita 500, na karibu zote haziko popote duniani ila katika ziwa hili na maziwa madogo ya jirani.

Mtu akitaka kuona kwa karibu namna mazingira yanavyochonga kiumbe, na amtwae furu mvunja konokono, amfungue nyuma ya matamvua, atoe kule kooni mfupa mmoja wenye umbo la pembetatu. Hilo ni taya la pili. Furu wana mataya mawili: la mbele la kukamatia, na la kooni la kusagia. Katika furu mla vidudu, mfupa huo ni mwembamba kama jani na meno yake ni kama sindano. Katika mvunja konokono mfupa ni ule ule, mahali pale pale, umeungana kwa mshono ule ule, walakini umenenepa na kuwa jiwe, na katikati yake meno yamekuwa mapana, mviringo, yaliyolika kwa kazi, mithili ya magego ya mtu mzee. Karel Liem, aliyeuchunguza mfupa huo mwaka 1973, alieleza kwamba kwa kuwa kazi ya kusaga imekabidhiwa koo, taya la mbele limebaki huru kugeuka liwezavyo, na kwamba hapo ndipo ilipo siri ya furu kupata riziki nyingi namna hiyo. Fundi angeumba samaki wa namna hizi mbalimbali kila mmoja peke yake, angeweza kumpa kila mmoja chombo chake; lakini tunachokikuta ni chombo kimoja cha ukoo, kilichonyooshwa hapa na kunenepeshwa pale, na alama za umoja wake zikabaki. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya Darwin, nayo hudhihiri katika samaki anayeweza kulala kiganjani.

Ama swali la pili lilikuwa zito zaidi: je, ukoo huu ulianza lini? Dalili ya mwanzo ilitoka katika ziwa dogo liitwalo Nabugabo, karibu na Masaka, upande wa magharibi wa ziwa kuu. Ziwa hilo lilikuwa ghuba ya Victoria, kisha mchanga uliosukumwa na mawimbi ukalifungia mlango. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliozuru maziwa yetu mwaka 1930 na 1931 walikusanya samaki wake, na Ethelwynn Trewavas alipowaandika mwaka 1933 alikuta kwamba furu wengi wa humo ni wa peke yao, wanafanana na ndugu zao wa ziwa kuu, ila wametofautiana nao kwa rangi za madume na kwa sura. Makaa yaliyopatikana katika fukwe za kale za Nabugabo yalipimwa kwa njia ya kaboni, yakaonyesha kwamba ghuba ilifungwa yapata miaka 4,000 tu iliyopita. Wakati Mafirauni wamekwisha kujenga piramidi zao, kundi hilo la furu lilikuwa bado linaogelea pamoja na wenziwe wa Victoria. Wengi waliosoma hesabu hiyo walisita. Miaka 4,000 kwa spishi mpya tano? Greenwood mwenyewe aliirudia kazi hiyo na kuithibitisha mwaka 1965.

Kisha ikaja elimu ya vinasaba. Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki wa Uganda na Allan Wilson walichapisha uchunguzi wao wa kipande cha urithi upitao kwa mama katika furu wa spishi 14 walio katika jenasi tisa mbalimbali, wavunja konokono kwa wakwangua mwani, wala samaki kwa wala wadudu, na matokeo yakawastaajabisha wote. Tofauti baina ya furu hawa, waliotengana kwa sura kiasi hicho, zilikuwa chache kuliko tofauti zipatikanazo baina ya binadamu mmoja na mwingine. Wote walikuwa ndugu wa karibu mno, na wataalamu hao wakakisia kwamba ukoo mzima haukuzidi umri wa miaka 200,000. Waliodhani kwamba wavunja konokono wa Victoria ni jamaa wa wavunja konokono wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mataya yao yanafanana, walilazimika kukiri kwamba kufanana huko hakukutokana na udugu, bali na kazi moja iliyofanywa katika maziwa mawili: Tanganyika yenye umri wa mamilioni ya miaka, na Victoria ambalo ni mtoto kwake.

Wala hakuna aliyejua bado kwamba mtoto huyo ni mdogo kiasi gani. Ziwa Victoria ni pana mno, kilomita za mraba zipatazo 68,800, walakini ni chano tu, kwani kina chake cha mwisho ni mita zipatazo 80. Lilifanyika ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuirudisha nyuma mito iliyokuwa ikitiririkia huko, Kagera na Katonga miongoni mwao. Thomas Johnson na wenzake walipozamisha mabomba katika tope la sakafu yake, mahali penye kina kirefu kuliko pote, na kuyatoa yakiwa yamejaa mashapo yaliyopangika kwa miaka, walikuta chini ya tope laini tabaka gumu la udongo uliokauka, lenye alama za mizizi na chavua ya nyasi. Maana yake ni moja tu. Mahali pale, panapofunikwa leo na maji ya kuuzamisha mnara, palikuwa uwanda wa majani. Na kama penye kina kirefu palikuwa pakavu, basi ziwa lote lilikuwa kavu, katika zama zile za ukame mkubwa wa mwisho wa enzi ya barafu. Na maji yalirejea yapata miaka 15,000 iliyopita, au zaidi kidogo. Habari hiyo ilitoka mwaka 1996, ikawagawanya wanazuoni wa samaki makundi mawili.

Mpinzani mkubwa alikuwa Geoffrey Fryer, mtu aliyeyajua maziwa yetu tangu ujana wake na ambaye sauti yake haikustahili kupuuzwa. Fryer alisema: haiyumkini. Wako furu waliozoea maji ya kina, wako waliozoea majabali, wako wenye riziki nyembamba kupita kiasi. Hawa wangejificha wapi ziwa likiwa uwanda wa nyasi? Na kama hawakujificha, bali wote walizuka upya, ni nguvu gani ya kuzusha spishi 500 katika miaka isiyofika 20,000, ilhali mabadiliko mapya katika urithi huja mara chache na polepole? Nadhani hoja hii ilikuwa ya haki, na elimu ilifaidika kwa kuulizwa vikali hivyo, maana jawabu lililotafutwa kwa ajili yake lilikuwa bora kuliko lile ambalo wengi wangeridhika nalo.

Jawabu lilikuja mwaka 2017, katika kazi ya Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao, waliosoma vinasaba vya furu wa Victoria pamoja na vya samaki wa jamii hiyo waishio mitoni. Walikuta kwamba furu hawana babu mmoja bali wawili: mmoja wa ukoo wa mito ya Kongo, na mwingine wa ukoo wa Nile ya juu, waliokutana katika nchi hizi yapata miaka 150,000 iliyopita na kuzaana. Machotara wao walirithi tofauti zote zilizokusanywa na koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu sana, na kwa hiyo ziwa lilipokauka hazina hiyo haikupotea, ilibebwa na samaki wachache waliosalia katika mito na mabwawa. Na maji yaliporejea na kufungua ghuba, majabali, matope na vilindi, haikulazimu kungoja mabadiliko mapya yazuke. Tofauti zilikwisha kuwako, zikisubiri kuchanganywa na kuchambuliwa kwa mpango mpya. Spishi zilikuwa changa. Tofauti zilizozijenga zilikuwa kongwe.

Ningependa kukaa kidogo kwenye mfano mmoja, kwa kuwa ndio unaonipendeza kuliko yote, na kwa kuwa mmoja wa wahusika wake amebeba jina la Mwalimu. Kikundi cha wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi Mwanza mwaka 1977, Frans Witte akiwa miongoni mwao, na mwaka 1985 aliandikwa furu mmoja wa majabalini, dume lake jekundu mgongoni na manjano ubavuni, akaitwa nyererei kwa heshima ya Rais Julius Nyerere. Ndugu yake wa karibu, dume lake la rangi ya buluu lenye mistari myeusi, akapewa baadaye jina la pundamilia, na jenasi yao wote wawili ikaitwa hivyo hivyo, Pundamilia. Katika majabali ya kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, wote wawili huishi pamoja bila kuchanganyika. Ila wa buluu hukaa juu, karibu na mwanga, na mwekundu hukaa chini zaidi. Kwa nini? Maji ya Victoria huumeza mwanga wa buluu mapema, na kadiri mtu ashukavyo ndivyo mwanga uliobaki unavyozidi kuwa mwekundu. Seehausen, Yohey Terai na wenzao walionyesha mwaka 2008 kwamba jeni ya kiungo cha jicho kipokeacho mwanga mwekundu ina sura mbili katika samaki hawa, moja ikiwafaa wakaao juu na ya pili ikiwafaa wakaao chini. Na jike lenye jicho la chini huvutiwa na dume jekundu, kwa kuwa ndilo alionalo vizuri, kama vile jike la juu linavyovutiwa na la buluu. Jicho liliyafuata maji, ndoa ikalifuata jicho, na kwa ndoa kutengana spishi zikatengana. Na zile sura mbili za jeni ya jicho, moja ilitoka kwa babu wa Kongo na ya pili kwa babu wa Nile. Hapo awali Seehausen na Jacques van Alphen walikuwa wamekwisha kuwaweka samaki hawa ndani ya matangi chini ya taa ya rangi moja, isiyoonyesha tofauti ya wekundu na buluu, na majike yakaacha kuchagua.

Na jambo lililofanyika katika tangi limefanyika pia ziwani. Kwa kadiri misitu ya kandokando ilivyokatwa, na udongo na mbolea vikasukumwa majini, na mwani ukazidi, maji ya ghuba nyingi yamekuwa ya tope, na katika kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako mtu haoni mbali, hakuna tena mwekundu na buluu, bali kundi moja la rangi zisizo dhahiri. Ukitoka Luanso ukaenda Makobe, kisiwa kwa kisiwa, unapita katika daraja zote za kutengana kwa spishi, tangu samaki wasiotengana hata kidogo mpaka waliotengana kabisa. Wale wanaosema kwamba hakuna aliyepata kuona spishi moja ikiwa mbili, nawaomba waitazame safari hiyo fupi ya mtumbwi.

Inanipasa sasa kusema habari ya huzuni. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maofisa wa uvuvi waliingiza ziwani sangara, samaki mla nyama wa Nile na Ziwa Albert, awezaye kufikia kilo 200, kwa nia ya kuwageuza furu, waliohesabiwa kuwa takataka, kuwa minofu ya thamani. Fryer, yule yule, aliandika kupinga mwaka 1960, wala hakusikilizwa. Mwanzo ilionekana kana kwamba halikutokea neno. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa bado wengi hata Mwanza pakajengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kisha sangara wakafurika, kwanza upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, halafu Ghuba ya Mwanza baada ya 1983, na katika muda wa miaka michache wale furu waliokuwa kilo 8 katika 10 walitoweka nyavuni. Viwanda vya minofu viliinuka Mwanza, Kisumu na Jinja, mabondo yakasafirishwa mpaka Asia, watu wengi wakapata riziki, na siwalaumu. Lakini wataalamu wa Leiden walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea au zilifika ukingoni mwa kupotea, nyingi kabla hata ya kupewa jina. Kurasa za kitabu ambacho ulimwengu ulikuwa haujamaliza kukisoma zilichanwa kwa amri ya ofisi, na nasema wazi kwamba hasara hiyo haikulipwa kwa fedha yoyote iliyopatikana.

Waliosalia hawakubaki kama walivyokuwa. Katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurejea, na Witte na wenzake wakawapima na kuwalinganisha na wale waliohifadhiwa chupani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Haplochromis pyrrhocephalus, ambaye zamani alikuwa mla vidudu vielea majini, alikuwa sasa anakula windo kubwa zaidi, wadudu na kamba na hata vitoto vya samaki. Jicho lake limekuwa dogo kuipisha misuli ya taya, na matamvua yake yameongezeka eneo kwa zaidi ya nusu, kwa sababu maji ya chini ya ziwa lililochafuka yana oksijeni haba. Hayo yote yalifanyika ndani ya miaka kama 20. Hapa pana haja ya kutahadhari, maana si kila mabadiliko ya mwili ni mabadiliko ya urithi: Greenwood alikwisha kuona kwamba Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono hodari, akilelewa katika tangi kwa chakula laini hukua na taya jepesi la koo, ilhali mzazi wake alikuwa na taya la jiwe, na hapo hakuna kilichobadilika ila malezi. Yawezekana sehemu ya mabadiliko ya pyrrhocephalus ni ya namna hiyo. Mtaalamu mwaminifu hutenganisha mambo haya mawili, na ni kwa sababu ya uaminifu huo kwamba yale yaliyothibitika, kama vile jeni za jicho za Makobe, yana uzito.

Ilibaki kasoro moja. Hoja zote hizi zilisomwa katika samaki walio hai, na Hilgendorf angeuliza yako wapi makombe yaliyopangika tabaka kwa tabaka. Jawabu la swali hilo limetolewa karibuni tu. Mwaka 2023 Nare Ngoepe, Moritz Muschick na wenzao walichapisha matokeo ya kazi ya miaka ya kuchekecha tope la sakafu ya Victoria na kuokota humo, kwa hadubini, maelfu ya meno ya samaki, madogo kuliko chembe ya mchanga, yaliyoanguka tangu maji yaliporejea, yapata miaka 17,000 hadi leo. Meno hayo yanasema kwamba furu hawakuwa wa kwanza kufika wala hawakuwa peke yao: ziwa lilipokuwa bado vidimbwi na matete, waliingia pamoja na sato, kambare na jamaa za ningu, wote wakiwa na nafasi sawa. Maji yalipozidi kina, jamaa hao wengine walibaki karibu na mwambao au wakapungua; meno ya furu yakazidi, yakaenea mpaka katika tope la kilindini. Zile sindano na yale magego ambayo Greenwood aliyatoa kooni mwa samaki wa Jinja sasa yanaweza kutafutwa katika tope, tabaka kwa tabaka, na spishi ambazo sangara aliziondoa kabla hazijaandikwa zina uwezekano wa kupatikana humo, angalau kwa meno yao.